Mishipa ya Umio Ipasukapo: Kazi ya Kisu na Kazi ya Nyumbani

Ni saa tisa ya usiku katika kijiji kimoja cha wavuvi, ukingoni mwa Ziwa Albert, nchini Uganda. Mwanamume wa miaka thelathini na mitano, aliyekula chakula chake cha jioni bila shida yoyote akalala, anaamka ghafla akisikia kichefuchefu. Hatapiki chakula. Anatapika damu, si matone, bali damu nyekundu ijazayo bakuli, na baada ya muda mfupi bakuli la pili. Mkewe anawasha taa na kupiga mayowe. Majirani wanafika. Kaka mkubwa wa mgonjwa, aionapo damu ile sakafuni, anasema maneno ambayo yamesemwa katika nyumba nyingi kandokando ya maziwa: "Shemeji, huyu amelishwa kitu. Tumtafutie mganga kabla hakujapambazuka."

Kisa hiki si cha mtu mmoja. Kimetokea mara nyingi katika vijiji vya wavuvi, katika kambi za askari na katika nyumba za watu waliokulia kando ya maji kisha wakahamia mbali nayo. Aghalabu hakuna mtu aliyemlisha mgonjwa sumu. Kilichotokea ni kwamba mishipa ya damu iliyovimba ndani ya umio, yaani njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi kwenye mfuko wa tumbo, imepasuka. Maradhi haya yanajulikana, chanzo chake kinajulikana, na tangu zaidi ya miaka 100 iliyopita madaktari wa upasuaji wamekuwa wakitafuta namna ya kuyashinda. Lakini tiba hiyo haimfikii mgonjwa ambaye saa zake za kwanza zimepotezwa njiani kwenda kwa mpiga ramli.

DAMU YATOKA WAPI

Damu iliyopita katika mfuko wa tumbo, matumbo na bandama hairudi moyoni moja kwa moja. Kwanza hukusanywa na mshipa mmoja mnene, ambao katika makala haya utaitwa mshipa mkuu wa ini, nao huipeleka kwenye ini. Ini la mtu mzima hupokea damu kiasi cha lita moja na nusu kila dakika, na robo tatu ya damu hiyo huletwa na mshipa huo. Ndani ya ini damu huchujwa: vyakula vyenye manufaa huwekwa akiba, sumu huvunjwa, kisha damu hupanda moyoni.

Kwa mtu mwenye afya, tofauti ya msukumo kati ya damu iingiayo katika ini na damu itokayo haizidi milimita 5 za zebaki. Ni msukumo mdogo sana. Ini likishikwa na kovu, damu haipiti kwa urahisi, na msukumo huanza kupanda. Ufikapo milimita 10, damu hutafuta njia za pembeni, kama yafanyavyo maji ya mfereji uliozibwa. Mojawapo ya njia hizo ni mishipa midogo iliyo sehemu ya chini ya umio. Mishipa hiyo haikuumbwa kubeba mzigo mkubwa. Huvimba, hujipinda kama mizizi, nayo imefunikwa na utando mwembamba tu. Msukumo upitapo milimita 12, mshipa mmoja waweza kupasuka wakati wowote.

Haihitajiki mfupa wa samaki wala pilipili kuupasua. Msukumo wenyewe watosha. Ndiyo maana mtu hulala mzima akaamka anatapika damu. Wengine hawatapiki kwanza, bali huenda choo cheusi kama lami, chenye kunata na kunuka, kwa sababu damu imeteremkia matumboni.

Yafaa ieleweke pia kwamba si kila atapikaye damu ana mishipa iliyovimba. Vidonda vya tumbo navyo huleta damu. Kwa macho ya nyumbani hali hizi mbili haziwezi kutenganishwa. Ni daktari tu, kwa kutazama ndani, awezaye kusema kwa hakika.

KOVU LA KICHOCHO NA KOVU LA POMBE

Ini hupata kovu kwa njia nyingi, lakini katika nchi za maziwa makuu njia mbili ndizo kubwa.

Ya kwanza ni kichocho cha matumbo. Minyoo yake, dume na jike, huishi pamoja ndani ya mishipa ya damu ya matumbo kwa miaka mingi. Jike hutaga mayai kati ya 100 na 300 kila siku. Baadhi hutoka pamoja na choo, lakini mengi huchukuliwa na damu hadi kwenye ini na kukwama humo. Mwili hulizungushia kila yai ukuta wa kovu. Mwaka 1904 daktari Symmers, aliyekuwa akifanya kazi mjini Cairo, Misri, aliyakata maini ya watu waliokufa na kuona makovu meupe yakiizunguka mishipa, akayafananisha na mashina ya viko vya udongo. Katika maradhi haya njia za damu huzibwa, lakini nyama yenyewe ya ini kwa kawaida hubaki nzima na huendelea kufanya kazi. Jambo hili ni la maana sana, kama itakavyoonekana.

Ya pili ni kunyauka kwa ini lote, ambako madaktari hukuita sirosisi. Husababishwa na pombe nyingi kwa miaka mingi, na vilevile na virusi vya homa ya ini, hasa vya aina ya B na C. Hapa kovu halizunguki mishipa tu. Ini zima huharibika. Macho huwa ya manjano, tumbo hujaa maji, na nguvu za mwili huisha.

Basi wagonjwa wawili waweza kulala kitanda kwa kitanda, wote wanatapika damu ileile kutoka mishipa ileile, lakini mmoja ana ini lenye nguvu na mwingine ana ini lililochoka. Historia nzima ya upasuaji wa maradhi haya ni historia ya kujifunza tofauti hiyo.

MBWA WA DAKTARI ECK

Mwaka 1877 gazeti la tiba la jeshi la Urusi lilichapisha taarifa fupi ya daktari kijana, Nikolai Eck, wa mji wa St Petersburg. Aliuliza swali jepesi: ikiwa ini limezibika, kwa nini damu isipitishwe kando yake? Aliwapasua mbwa 8, akauunganisha mshipa mkuu wa ini na mshipa mkubwa urudishao damu moyoni, ili damu isipite tena katika ini. Karibu wote walikufa baada ya muda mfupi. Lakini mshono wenyewe ulionyesha kwamba kazi hiyo yawezekana.

Miaka michache baadaye, katika mji uleule, mtaalamu Ivan Pavlov, ambaye mwaka 1904 alipewa Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake juu ya usagaji wa chakula, aliirudia kazi hiyo pamoja na wenzake. Mwaka 1893 walitoa habari ya ajabu. Mbwa waliofanyiwa mchepuko huo waliishi, lakini walipolishwa nyama walibadilika: walikuwa wakali, wakayumba, wakaacha kuona vizuri, wakazimia. Nyama, chakula bora cha mbwa, imekuwa sumu kwao.

Sababu yake ni hii. Chakula kijengacho mwili, kama nyama na maharagwe, kinapovunjwa matumboni hutoa amonia. Ini ndilo liondoalo amonia katika damu. Ikiwa damu ya matumbo inalikwepa ini, amonia hupanda mpaka kwenye ubongo. Kwa binadamu dalili zake ni kulala mchana na kukesha usiku, mikono kupigapiga kama mbawa za ndege, maneno yasiyo na mpango, na mwishowe usingizi usio na kuamka. Mbwa wa Pavlov walikuwa wametoa onyo, nusu karne kabla upasuaji huo haujaenea kwa wagonjwa.

MCHEPUKO WAFANYIWA WATU

Mwaka 1945, mjini New York, Marekani, daktari Allen Whipple na wenzake walitangaza upasuaji wa kuunganisha mishipa hiyo kwa binadamu. Furaha ilikuwa kubwa. Wagonjwa waliokuwa wakitapika damu kila baada ya miezi michache waliacha kutapika, na upasuaji huo ukaenea duniani.

Kisha hesabu zikaanza kufanywa. Katika miaka ya 1960 na 1970 wagonjwa wenye sirosisi waligawanywa kwa kura, wengine wakafanyiwa mchepuko na wengine wakatibiwa bila mchepuko. Matokeo yaliwasikitisha wengi. Mchepuko ulizuia damu, hapana shaka, lakini kwa jumla haukuwazidishia wagonjwa maisha. Waliookoka na damu walikufa kwa ini kushindwa, na wengi walichanganyikiwa akili, sawasawa na mbwa wa St Petersburg. Ini lililochoka lilikuwa limenyang'anywa hata ile damu kidogo iliyokuwa ikililisha.

Mwaka 1967 daktari Dean Warren wa Marekani na wenzake walitoa shauri la busara zaidi. Badala ya kuchepusha damu yote, walichepusha ile ya bandama na ya mishipa ya umio tu, wakaipeleka kwenye mshipa wa figo la kushoto. Damu ya matumbo iliachwa iendelee kuingia katika ini. Upasuaji huo ni mgumu na wataka mkono mwelekevu, lakini ulionyesha njia: ushushe msukumo pale penye hatari, wala usilinyime ini chakula chake.

NJIA YA ALEXANDRIA

Hata hivyo, ilikuwa Afrika, ambako kichocho kimewatesa watu tangu zama za Mafirauni, palipopatikana upasuaji uliomfaa zaidi mgonjwa wa kichocho. Huko Alexandria, Misri, daktari Hassab aliona kwamba wagonjwa wake hawakuwa kama wale wa New York. Maini yao yalikuwa na nguvu. Hawakuhitaji mchepuko wowote; walihitaji tu kuondolewa ile mishipa ipelekayo damu umioni.

Kwa hiyo yeye hakuunganisha mshipa na mshipa. Aliiondoa bandama, kisha akaifunga na kuikata, mmoja baada ya mwingine, mishipa yote izungukayo nusu ya juu ya mfuko wa tumbo na sehemu ya chini ya umio. Bandama huondolewa kwa sababu katika maradhi haya huvimba mno. Bandama ya kawaida ina uzito wa gramu 150 hivi. Ya mgonjwa wa kichocho yaweza kupita kilo moja, nayo humwaga damu nyingi katika mshipa mkuu wa ini. Mwaka 1967 Hassab alitoa taarifa ya watu 355 waliofanyiwa upasuaji huo. Mwaka 1973 madaktari Sugiura na Futagawa wa Japani walieleza upasuaji mwingine wa jamii hiyo, ambao pamoja na kufunga mishipa, umio wenyewe hukatwa na kushonwa tena ili kila njia ya damu ifungwe.

Ni upi ulio bora kwa mgonjwa wa kichocho? Jibu lilitoka Brazili, nchi nyingine yenye kichocho kingi. Mjini São Paulo wagonjwa 94 waligawanywa kwa kura katika mafungu matatu: mchepuko mkubwa, mchepuko mdogo wa namna ya Warren, na kufunga mishipa pamoja na kuondoa bandama. Taarifa ya miaka mingi ya kuwafuatia ilitolewa mwaka 1994. Kuchanganyikiwa kwa akili kuliwapata zaidi wale wa mchepuko mkubwa. Katika fungu la kufungwa mishipa hakukuonekana. Tangu hapo, pale ambapo kisu ni lazima kwa mgonjwa wa kichocho, upasuaji wa namna ya Hassab ndio unaopendelewa na wengi.

Upasuaji huu nao una deni lake. Bandama ni askari mlinzi wa mwili. Aliyeondolewa bandama hushambuliwa upesi na vijidudu vya kichomi na vya homa ya uti wa mgongo, na malaria huweza kumwelemea. Yampasa achanjwe, wiki mbili au zaidi kabla ya upasuaji ikiwezekana, na maisha yake yote asilale nyumbani na homa hata usiku mmoja. Jamaa zake nao walijue jambo hili, kwani mwenye homa kali mara nyingi hana uwezo wa kujisemea.

KISU CHARUDI NYUMA

Leo wagonjwa wengi hutibiwa bila kupasuliwa tumbo. Mwanzo wa safari hiyo ulikuwa mjini Stockholm, Uswidi, mwaka 1939, ambako madaktari Crafoord na Frenckner waliingiza bomba kinywani mwa mgonjwa hadi umioni, wakaichoma mishipa iliyovimba sindano ya dawa ya kuigandisha. Kwa muda mrefu njia hiyo haikutiliwa maanani, kwa kuwa michepuko ndiyo iliyotukuzwa. Ilifufuliwa na kuenea katika miaka ya 1970, wakati mipira laini ya kutazamia tumbo ilipopatikana.

Mwaka 1986 daktari Stiegmann wa Denver, Marekani, alionyesha njia iliyo nyepesi zaidi. Mpira wa kutazamia huingizwa umioni. Mshipa uliovimba hufyonzwa ndani ya kikombe kidogo kilicho nchani. Kisha pete ndogo ya raba huachiliwa na kuubana shingoni. Mshipa uliobanwa hufa na kudondoka baada ya siku chache, mahali pake pakabaki kovu dogo. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka mishipa iishe. Mwaka 1992 ilithibitishwa kwamba pete hizo ni bora kuliko sindano, nazo zina madhara machache.

Vidonge navyo vina sehemu yake. Mwaka 1981 daktari Lebrec na wenzake, karibu na Paris, Ufaransa, walionyesha kwamba propranololi, dawa ya bei nafuu ipunguzayo mapigo ya moyo, huzuia damu isirudi kutoka. Mgonjwa huitumia kila siku kwa miaka. Asiye na pumu na aivumiliaye vizuri hana sababu ya kuiacha kwa kuwa tu "amepata nafuu". Nafuu hiyo ndiyo kazi ya dawa.

Katika hospitali kubwa za nchi tajiri kuna pia mchepuko usiohitaji kupasua: waya huingizwa katika mshipa wa shingo, hufika kwenye ini, na bomba dogo la wavu wa chuma huwekwa ndani yake kuunganisha mishipa. Mgonjwa wa kwanza alifanyiwa hivyo mjini Freiburg, Ujerumani, mwaka 1988. Na kwa sirosisi iliyokomaa tiba ya mwisho ni kubadilishiwa ini, kazi iliyojaribiwa kwanza na daktari Thomas Starzl mjini Denver mwaka 1963.

Je, kisu kimekwisha kazi? La. Mgonjwa akaaye mbali na hospitali yenye mpira wa kutazamia, asiyeweza kurudi kila baada ya wiki tatu, au ambaye damu yake hurudi licha ya pete na vidonge, lakini ini lake lina nguvu, huyo bado ni mtu wa kisu. Lakini upasuaji huo hufaa ufanywe kwa mpango, damu ikiwa imekwisha simama na mwili umepata nguvu. Ukifanywa usiku wa hatari, huku damu ikimwagika, hatari yake ni kubwa mara nyingi zaidi.

USIKU WA HATARI

Basi kazi ya usiku wa kwanza si ya mpasuaji, bali ni ya kumfikisha mgonjwa hospitali akiwa hai. Katika sirosisi, hata palipo na matibabu mazuri ya leo, kati ya wagonjwa 100 wapatao damu hii, 15 hadi 20 hufa katika wiki sita za kwanza. Mgonjwa wa kichocho ana heri zaidi kwa kuwa ini lake ni zima, lakini damu iliyokwisha mwilini haichagui ini.

Nyumbani, mgonjwa alazwe kwa ubavu wa kushoto, kichwa kikielekea chini kidogo, ili damu isimwingie mapafuni. Afunikwe apate joto. Asipewe chakula, maziwa, mayai mabichi, mkaa wa kusaga wala dawa ya miti shamba. Asipewe aspirini wala dawa nyingine kali za maumivu, kwani huzidisha kutoka kwa damu. Asiachwe atembee mwenyewe kwenda chooni; wengi huanguka na kuzimia hapo. Chombo chochote kipatikane, iwe gari la kituo cha polisi, pikipiki au mtumbwi wenye mashine, na safari ianze. Jamaa wamweleze daktari kama mgonjwa amewahi kuishi kando ya ziwa, kama hunywa pombe, na kama choo chake kilikuwa cheusi kabla ya siku ile.

Hospitali, mgonjwa atawekewa sindano ya maji mshipani na kutiwa damu. Atapewa dawa za kubana mishipa ya matumbo, kama vile oktreotidi, na dawa za kuua vijidudu, ambazo imethibitika kwamba hupunguza vifo. Ifaavyo ni atazamwe kwa mpira katika saa 12 za kwanza. Pasipokuwa na mtaalamu huyo, au damu ikishindikana kusimama, daktari aweza kuingiza mpira wenye vibofu viwili uliobuniwa na Sengstaken na Blakemore mwaka 1950. Vibofu hujazwa hewa vikaibana mishipa. Hilo ni kama kidole kilichoziba tundu la mtumbwi: huokoa kwa saa chache tu, wala mpira huo hauachwi zaidi ya saa 24, ama sivyo utalijeruhi umio.

Jamaa wengi hulalamika, "Mbona hawamjazi damu yote iliyotoka?" Jibu lake ni kwamba damu nyingi kupita kiasi hupandisha msukumo, na mshipa hupasuka tena. Mwaka 2013 madaktari wa Barcelona, Hispania, walionyesha kwamba wagonjwa waliotiwa damu kwa kipimo walipona zaidi kuliko waliojazwa.

Hata hivyo kipimo hicho lazima kiwepo. Ndugu akitoa damu usiku ule, damu yake yahitaji kupimwa kwanza, na upimaji hutaka saa. Damu imwokoayo mgonjwa usiku wa leo ni ile iliyotolewa juma lililopita na mtu asiyemjua. Ndiyo maana askari na polisi, ambao ni vijana, wenye afya, na wakaao pamoja kambini, ni hazina ya taifa. Kikosi kimoja kikijitolea kwa siku moja huweza kujaza kabati la damu la hospitali ya wilaya. Wahenga walinena kwamba damu ni nzito kuliko maji. Kabati la hospitali halichagui ukoo.

KABLA YA DAMU

Kazi iliyo bora kuliko zote hufanywa miaka ishirini kabla ya usiku ule. Watoto huambukizwa kichocho waendapo kuchota maji, kuoga na kucheza ziwani. Vijidudu vitokavyo katika konokono hupenya ngozi kwa dakika chache, wala havionekani kwa macho.

Siri ya konokono ilifichuliwa kwa ajili ya majeshi. Mwaka 1915 serikali ya Uingereza ilimtuma mtaalamu Robert Leiper huko Misri ili awakinge askari wake na kichocho, naye akathibitisha kwamba maradhi hupitia kwa konokono wa majini. Somo hilo lilisahauliwa mara nyingine. Katika miaka ya 1944 na 1945, kisiwani Leyte, Ufilipino, askari wahandisi wa Marekani waliojenga madaraja wakisimama majini walipatwa na kichocho cha Asia. Adui aliyewapiga hakuwa na bunduki.

Dawa iko. Prazikwanteli huua minyoo hiyo, nayo hutolewa kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara nyingi kwa siku moja tu. Uganda ilianza mpango wa taifa wa kuigawa katika vijiji vya maziwani mwaka 2003. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba pale ambapo watu 10 au zaidi kati ya 100 wana kichocho, watu wote kuanzia umri wa miaka miwili wapewe dawa kila mwaka. Wengine huikataa kwa sababu huleta kizunguzungu na maumivu ya tumbo. Dawa ile imezwe baada ya kula, na kizunguzungu hicho kitapungua. Hakilingani kamwe na bakuli la damu. Yafaa ijulikane kwamba dawa huua minyoo, lakini kovu la zamani haliondoki lote. Ndiyo maana kuchelewa ni hasara.

Pamoja na dawa, choo kijengwe na kitumiwe, kwa kuwa yai lisilofika majini haliwezi kumwambukiza konokono. Maji ya ziwa ya kuogea yachemshwe kisha yapoe, au yawekwe katika pipa lenye mfuniko kwa siku mbili, na vijidudu vitakufa. Mtoto mchanga apate chanjo zake zote. Tangu mwaka 2002 chanjo ya homa ya ini ya B imo katika zile zitolewazo kwa watoto Uganda. Mwenye kupenda waragi ajue kwamba ini halipigi kelele linapoungua. Na sindano moja isichomwe watu wawili. Misri iliwatibu watu wake kichocho kwa sindano zilizorudiwa, hadi miaka ya 1980, na kwa njia hiyo homa ya ini ya C ikaenea katika taifa zima. Iliwagharimu Wamisri kampeni kubwa ya kupima na kutibu, iliyoanza mwaka 2018, kuyasawazisha makosa hayo.

Tumbo la kushoto likiwa gumu chini ya mbavu, kwa mtoto au kwa mtu mzima aliyekulia ziwani, ni bandama iliyovimba. Hiyo ni barua iliyotumwa mapema. Apelekwe hospitali apimwe, kabla ya usiku ule kufika. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Mtu na aifikirie tena nyumba ile ya saa tisa ya usiku. Mgonjwa amelala, damu iko sakafuni, kaka mkubwa anangoja jibu. Ikiwa mama wa nyumba amewahi kusikia habari hizi, atasema kwa heshima lakini bila kutetereka: "Shemeji, hakulishwa kitu. Ni mishipa. Shika miguu, mimi nashika kichwa, tumfikishe barabarani." Maneno hayo hayatibu. Lakini humpa daktari mtu wa kumtibu.